Nyeupe Pe, Lakini Inakwama: Kisa cha Kompyuta Moja ya Gemu

Dada huyu alivuka na pantoni kutoka Kigamboni, keisi ya kompyuta ameipakata kama mtoto, ameifunika kanga isiingie vumbi. Alipoteremka kwenye bajaji mlangoni kwangu, Kariakoo, hakusubiri hata kiti. "Kaka fundi, nataka kadi nyeupe. Nina milioni moja na nusu, nimeidunduliza miezi minane."

Niliifunua ile kanga. Keisi nyeupe yenye kioo ubavuni, feni tatu nyeupe, RAM mbili nyeupe (kumbukumbu ya muda ya mashine) zenye taa juu, zimekaa bega kwa bega. Vilivyobaki vilikuwa vyeusi tii: mazabodi (ubao mkubwa unaobeba vyote), kipoozi kidogo cha prosesa, kebo zote, na ile kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu. Kwa jicho lake, kadi ndiyo iliyokuwa doa. Tena akaniambia kwamba akicheza gemu ya risasi ya Counter-Strike 2 na wenzake, kila vita vinapopamba moto picha inakwama, na anapigwa risasi kabla hajamwona adui. Kwa hiyo kadi mpya, nyeupe, ingemaliza mawili kwa mpigo.

Wapo mafundi wenzangu wanaomcheka mteja anayetaka rangi zifanane. Mimi simcheki. Mtu aliyepanga chumba kimoja, kompyuta ndiyo kitu kikubwa kinachomlaki akifungua mlango. Huyu ni muuguzi, anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi akiwa ameona mengi. Akitaka pembe moja ya chumba chake ing'ae nyeupe pe, hilo ni hitaji halali, na fundi alitumikie kama anavyotumikia hitaji la kasi. Ila ni mahitaji mawili, kila moja na dawa yake, na yeye alikuwa ameyafunga kwenye kifurushi kimoja. Kisa hiki chote ni habari ya kukifungua kifurushi hicho.

Mashine yenyewe ilikuwa hivi: prosesa Ryzen 5 3600, kadi GTX 1660 Super yenye GB 6, vyote vizazi vya mwaka 2019, mazabodi ya B450 yenye sloti nne za RAM, pawa saplai ya wati 550, RAM mbili za GB 8 kila moja, DDR4 za kasi ya 3600, na nyumbani monita ya 1080p inayokwenda hezi 144, yaani inaweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde. Si mashine mbovu hata kidogo.

Niliiunganisha kwenye monita yangu, nikafungua gemu, nikamwachia kipanya acheze mwenyewe kama anavyocheza siku zote. Mimi niliweka namba pembeni ya skrini: fremu kwa sekunde (yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde), matumizi ya kadi, matumizi ya prosesa. Uwanja ukiwa mtulivu alipata fremu 120 na ushei. Moshi ulipotupwa na watu watano wakaingia kwa pamoja, fremu zilianguka hadi 40, na picha ikakwama palepale alipoeleza. Lakini kadi ilikuwa inasoma asilimia 50, mara 55. Ilikuwa imekaa tu, inasubiri kuletewa kazi.

Hapa nilimweleza kwa mfano wa banda la chipsi. Prosesa ndiyo inayomenya viazi: inakokotoa nani yuko wapi, risasi imepita wapi, sauti imetokea upande gani. Ikimaliza, inakabidhi kadi ikaange, yaani ichore picha. Kadi ikiwa nusu ya muda haina kazi, mafuta yanachemka bure na anayemenya ndiye aliyechelewa. Ukimleta mkaangaji mwingine, viazi havitamenyeka upesi zaidi.

Prosesa nayo haikuonyesha asilimia 100. Ilikuwa kwenye 60, na namba hiyo imewapoteza wengi. Asilimia 60 ni wastani wa viini vyote sita, yaani vile vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani yake. Kumbe gemu ya namna hii humtupia mzigo mkubwa kiini kimoja au viwili, navyo vilikuwa vimefika ukomo huku vingine vikipumzika. Wastani unaficha.

Hakuonekana kusadiki, wala simlaumu. Mtu aliyeweka pesa miezi minane akiwazia kitu kimoja haachi kwa sababu ya mfano wa viazi. Nikamfanyia jaribio ambalo nawashauri wote walifanye kabla ya kununua kadi: nilishusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p, kila kitu kingine kikabaki vilevile. Kazi ya kadi ikapungua sana. Kama kadi ndiyo iliyokuwa inachelewesha, fremu zingepaa. Tulirudia vita vilevile mara tatu. Fremu hazikusogea. Aliweka kipanya chini, akasema taratibu, "Basi siyo kadi."

Kabla ya kununua chochote nilitaka nijue kama tulivyonavyo vinafanya kazi ipasavyo. Nikafungua Task Manager, kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Kasi: 2133. RAM zimeandikwa 3600 ubavuni, zinakimbia 2133. Ndivyo DDR4 nyingi zinavyoamka zikitoka dukani. Ile kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji mpaka mtu aingie kwenye baiosi, ile programu inayoiamsha mazabodi, awashe XMP, mpangilio unaoiachia RAM kasi hiyo. Hakuna aliyemwambia. Nikatazama tena zilivyokaa: sloti ya kwanza na ya pili.

"Nani aliziweka hapa, dada?"

"Mimi mwenyewe, kaka. Zikikaa pamoja taa zinaungana, zinakuwa kama mstari mmoja. Zinapendeza."

Ni kweli zilipendeza. Lakini kwenye mazabodi kama yake sloti nne ni njia mbili, na zilizopakana ni za njia moja. Kwa hiyo prosesa ilikuwa inavuta data zote kwa bomba moja huku la pili limefungwa. Mahali pake ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikagusa chuma cha keisi kuondoa umeme tuli mwilini, nikaihamisha moja na kuisogeza nyingine. Nikawasha XMP. Vita vilevile, moshi uleule: pale fremu zilipokuwa zinashuka hadi 40, sasa zilisimama karibu na 60. Hatujatumia hata shilingi.

Kilichomsumbua ni lile pengo katikati. Akaniuliza kama zile RAM zake nyeusi za zamani, alizoziacha nyumbani, zinaweza kuziba, yaani nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Nilimkatalia. Zile ni za kasi ndogo, na ukichanganya, zote hushuka zikimbie kwa kasi ya ile ya polepole. Mara nyingine hata kuwaka hukataa. RAM huuzwa kwa seti kwa sababu zilijaribiwa pamoja, na kufanana rangi hakuzifanyi kuwa ndugu. Hata angezipata mbili nyeupe za jina hilohilo, bado zingekuwa seti mbili. Zipo zinazouzwa zikiwa taa tupu, hazina kumbukumbu ndani, kazi yake kujaza pengo kama hilo. Hizo sina neno nazo. Hazigusi kazi ya mashine.

Tukaja kwenye pesa.

Kadi aliyoipigia hesabu ilikuwa RTX 4060 nyeupe. Ni kadi nzuri: inakula wati 115, chini hata ya 125 za ile aliyonayo. Kwenye mazabodi ya B450 ingepitia PCIe (kiungo cha kadi na mazabodi) ya kizazi cha 3, na kwa kuwa inatumia njia 8 tu za kiungo hicho badala ya 16, ingepoteza kiasi kidogo cha nguvu, ingawa hilo peke yake lisingenizuia. Kilichonizuia ni kwamba kwenye gemu yake, kwa mipangilio yake, ingekuja kukaa ikisubiri viazi kama mwenzake. Na duka nililopiga simu, nyeupe ilizidi nyeusi ya aina ileile kwa elfu themanini. Kadi ileile, kasi ileile, elfu themanini ya rangi.

Nilichompendekezea ni Ryzen 7 5700X3D, iliyotoka Januari 2024. Inakaa kwenye soketi ileile ya AM4, kwa hiyo mazabodi na RAM vinabaki. Ina viini vinane, lakini hilo siyo kubwa lake. Kubwa lake ni akiba ya ndani, ile wanayoiita L3: MB 96, wakati 3600 ina 32. Prosesa ikihitaji kitu ambacho hakipo kwenye akiba hiyo, lazima iende hadi kwenye RAM, na safari hiyo ni ndefu mno kwa kasi yake. Gemu za namna hii huuliza mambo yaleyale kila mara. Yakikaa karibu, zile safari zinapungua, na ni safari hizo zinazoonekana kama kukwama.

"Laki sita na nusu," akasema. "Na haitaonekana."

Haitaonekana. Inakaa chini ya kipoozi, hakuna atakayeiona mpaka siku ya kuing'oa, na rangi yake ni ya bati. Sikuwa na maneno matamu ya kumpa. Nilimwahidi jambo moja: zinazobaki tutazitumia kwenye rangi, na nitazitumia kwa akili yangu yote. Akanyamaza, akatazama ile mazabodi nyeusi kwa muda. Kisha akasema, "Basi iwe kama kanga. Pindo nyeupe, mji mweusi."

Hapo alinifundisha kitu. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kuficha weusi. Yeye aliugeuza kuwa sehemu ya pambo. Ukisema mashine yote iwe nyeupe, kila kitu cheusi kinakuwa kosa, na mazabodi nyeupe ni ghali. Nyingi zinazoitwa nyeupe zina vifuniko vyeupe tu juu ya ubao mweusi. Ukisema mji mweusi, pindo nyeupe, mazabodi imepata cheo chake na husumbuki nayo tena. Kuanzia hapo kazi ilikuwa kuhakikisha pindo limezunguka bila kukatika.

Kubadilisha prosesa kuna mpangilio, na wanaoharibu huharibu kwenye mpangilio. Kwanza ni kuweka toleo jipya la baiosi, tena prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Mazabodi ya B450 imezaliwa kabla ya 5700X3D na haiijui. Ukiweka mpya bila kuifundisha, utapata skrini nyeusi na utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Nilishusha toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa modeli ileile ya mazabodi hadi herufi ya mwisho, nikaliweka kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32. Mashine ikawa kwenye UPS, na UPS yenyewe niliijaribu kwanza kwa kuichomoa ukutani, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, mazabodi inaweza isiamke tena.

La pili ni kukitoa kipoozi, na hapa nitakwenda polepole. Prosesa za AM4 zina miguu 1,331 chini yake, myembamba, inayopindika kwa kucha. Mkono wa kufungia soketi huishika miguu, lakini si kwa nguvu ya kushinda pesti ya kupitisha joto iliyokauka miaka minne na kugeuka gundi. Ukivuta kipoozi kwenda juu, prosesa inang'oka nacho, na miguu inapinda. Kwa hiyo nilimwambia acheze dakika kumi, pesti ipate moto ilainike. Nikazima, nikachomoa umeme, nikalegeza skrubu nne kwa msalaba, kidogo huku, kidogo kule. Bamba lililo nyuma ya mazabodi limeshikwa na skrubu hizohizo, kwa hiyo mkono wa kushoto ulikuwa umelishikilia lisidondoke. Kisha sikuvuta. Nilikizungusha kipoozi kulia, kushoto, kulia, kama unavyofungua kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda. Mara ya nne au ya tano ukasikika mlio mdogo wa kitu kinachobanduka, na ndipo nikakiinua. Prosesa ilibaki imetulia kwenye soketi yake.

5700X3D haiji na kipoozi ndani ya boksi, kwa hiyo lazima ununue, na hapo rangi ilipata nafasi yake ya kwanza ya haki. Tulichukua DeepCool AK400 nyeupe. Urefu wake ni milimita 155. Keisi yake inaruhusu 160. Nilipima kwa rula, sikuamini karatasi. Kipoozi ndicho kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana kupitia kioo, kinasimama katikati kabisa, na tofauti ya bei kati ya cheupe na cheusi ilikuwa ndogo. Kama una shilingi moja tu ya rangi, ipeleke hapo.

Ya pili ipeleke kwenye kebo. Tulinunua viendelezi vyeupe vya kebo, ule mkubwa wa mazabodi, wa prosesa na wa kadi. Nasema viendelezi kwa makusudi. Yeye alikuwa ameona seti nzima ya kebo nyeupe za pawa saplai nyingine, akadhani tungechomoa zake na kuchomeka hizo. Msifanye hivyo kamwe. Upande unaoingia kwenye mazabodi una mpangilio mmoja kwa kampuni zote, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji ana wake, na hata plagi ikiingia vizuri, volti 12 inaweza kwenda mahali pa volti 5. Vitu huungua hapo. Kiendelezi hakina hatari hiyo, kwa sababu pande zake zote mbili ni za mpangilio ule mmoja. Pawa saplai yenyewe ilibaki nyeusi. Imefunikwa chini, haionekani.

Taa za feni hazikuwahi kuwaka tangu anunue keisi, na mahali fulani alikuwa ameambiwa feni ni mbovu. Hazikuwa mbovu. Plagi zake zilikuwa za matundu matatu, volti 5. Mazabodi yake ina pini nne za volti 12 tu. Namshukuru aliyezifunga kwa kuziacha zikining'inia, kwa sababu plagi za bei rahisi zikilazimishwa huingia, na taa zinakufa papo hapo. Kidhibiti kidogo kinachojitegemea umeme, elfu ishirini, kikaziwasha zote.

Ikabaki kadi. Hiyo GTX nyeusi ingekaa pale, ndani ya pindo, labda mwaka mzima. Nilikwenda kwa kijana anayebandika stika kwenye bajaji, nikamwomba kipande cheupe kisichong'aa, kile anachotumia kwa milango. Kadi yake ina bamba la mgongoni la plastiki, kwa hiyo halibebi joto, na kulifunika hakuna madhara. Lingekuwa la chuma ningefikiri mara mbili. Nilikata nikiacha matundu yote wazi, nikabandika mgongo na ule ubavu unaotazama kioo. Feni za kadi sikuzigusa. Mapanga yake hayapaswi kuongezewa uzito wa rangi wala stika. Wiki ya pili kona moja ilianza kunyanyuka, kwa sababu nilifuta kwa kitambaa kikavu badala ya spiriti. Alirudi nayo, nikaibandua na kuifanya upya inavyotakiwa.

Vyote vilipokwisha kufungwa, tuliona kitu ambacho hakuna picha ya duka ingetuonyesha. Vilikuwa vyeupe vya aina nne. Keisi ilikuwa nyeupe ya maziwa, RAM nyeupe ya karatasi, kipoozi kiko katikati, na kebo zina umanjano kidogo, kama tui. Kwenye picha za matangazo vyote huwa vimemulikwa na taa moja kali na kuonekana ndugu. Ningekuwa naye siku ananunua ningemwambia avipeleke vyote mlangoni, kwenye mwanga wa jua, avishike pamoja. Sasa vilikuwa vimeshanunuliwa. Alikuwa ameweka taa za feni rangi nyeupe, na nyeupe ya taa hizi huegemea ubuluu, ikazidi kuzichongea kebo. Nikamwambia ajaribu rangi nyingine yoyote, moja tu kwa zote. Akachagua kijani cha bahari. Kitu cheupe hupokea rangi ya mwanga unaokiangukia. Nyeupe nne zikawa kijani kimoja, na tofauti sikuiona tena mimi niliyeijua ilipo.

Nilimwomba asiiweke dirishani. Plastiki nyeupe nyingi hugeuka manjano kwa jua na joto, na hilo halifutiki kwa kitambaa.

Hesabu: prosesa 650,000, kipoozi 110,000, viendelezi 75,000, kidhibiti 20,000, stika 15,000, ufundi 60,000. Jumla 930,000. Prosesa ya zamani aliiuza 180,000, kwa hiyo aliondoka na 750,000 mkononi.

Kwenye ule uwanja wake wa moshi, fremu hazikushuka tena chini ya 100, na kukiwa kutulivu zilikaa 190 na kitu. Kabla hajaifunika kanga yake nilimwandikia kwenye karatasi urefu wa kadi ambao keisi yake inaweza kumeza feni za mbele zikiwamo, milimita 330, na wati 550 za pawa saplai, nikazipigia mstari.

Wiki sita baadaye alinitumia picha ya kadi nyeupe, na ujumbe: "Hii milimita 250, kaka. Au nisubiri?" Nikamuuliza kadi aliyonayo inasoma ngapi sasa akicheza. Akajibu baada ya dakika chache: 98.

Nikamwambia anunue.